Aliyeachwa na kundi hakukosa miguu

Siku hizi msimu wa mbio za baiskeli za barabarani hufunguka kwa tukio lile lile. Mtu aliyejifungia miezi minne akikanyaga juu ya mashine ya ndani, anayekijua kizingiti chake, yaani nguvu ya juu anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu, hadi wati ya mwisho, anajipanga kwenye mbio za daraja la chini kabisa. Dakika ya 15 yuko peke yake, kundi liko mita 200 mbele na linazidi kupotea. Jioni anafungua kumbukumbu za kompyuta yake ya baiskeli na kukuta kwamba hadi pale alipoachwa, wastani wake wa wati ulikuwa mkubwa kuliko wa watu waliomaliza mbele. Hapo ndipo tafsiri mbaya inapoanza. Yeye anasema viwango vimepanda mno, kocha wake anamwongezea mazoezi makali, na wanaotazama kwa mbali wanasema mchezo huu umekuwa wa wenye pesa. Wote wanalitazama jambo moja upande usiofaa. Aliyeachwa mapema mara nyingi nguvu alikuwa nazo. Alizimwaga, tena kwenye sehemu za barabara ambazo wenzake walikuwa wanapumzika. Ninaamini kuachwa huku kunaweza kuelezwa kwa hesabu za kawaida kabisa, na kwamba anayeshindwa kuzisoma hesabu hizo atarudi msimu ujao na wati 20 zaidi na kuachwa kwenye kona ile ile.

Inafaa kuangalia tulifikaje hapa. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kutengeneza vipima wati vinavyofungwa kwenye kranki, chuma kinachobeba pedeli, mwaka 1986, na kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa cha timu za kulipwa na maabara. Leo kipima wati kimo ndani ya pedeli, ndani ya mkono wa kranki, na ndani ya mashine za mazoezi zinazojiongezea uzito zenyewe mlima unapokuja kwenye skrini. Zwift, jukwaa la mtandaoni la kushindana ukiwa juu ya mashine ya ndani, ilianza mwaka 2014, na kufikia Desemba 2020 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilikuwa na mashindano yake ya kwanza ya dunia ya mbio za mtandaoni. Pamoja na vyombo hivyo kikaja kipimo kimoja kilichotawala mazungumzo yote: kanyaga dakika 20 kwa uwezo wako wote, chukua wastani wa wati, zidisha kwa 0.95, gawa kwa uzito wako wa kilo. Namba inayotoka ndiyo watu wanayotambuliana nayo. Kwa miaka mingi Zwift yenyewe iliwagawa wanamashindano kwa wati kwa kilo, lakini mwaka 2024 ikaleta alama zinazojengwa zaidi na matokeo ya mbio zenyewe. Hatua hiyo haikusemwa vya kutosha. Mbio za skrini hazina breki, hazina kiwiko cha jirani, hazina mchanga kwenye kona, na bado hata huko namba ya dakika 20 haikutosha kusema nani anastahili kushindana na nani. Barabarani itatosha vipi?

Tuanze na upepo, kwa sababu ndio unaokula karibu kila kitu. Nguvu ya kuukata upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa ni mara nane. Mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80, akikaa vizuri juu ya usukani na kwenda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare tulivu, anahitaji takriban wati 300, na kati ya hizo 260 hivi ni za upepo peke yake. Nyuma ya gurudumu zuri, yaani akikingwa upepo na mwenzake aliye mbele, kwa mwendo ule ule, anaweza kuhitaji 200. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Bert Blocken walipima kwa kompyuta na kwa handaki la upepo kundi la waendeshaji 121 waliobanana, wakakuta kwamba katikati na nyuma ya kundi hilo ukinzani wa hewa ulishuka hadi kati ya asilimia 5 na 10 ya ule wa mtu aliye peke yake. Makundi ya ridhaa hayabanani hivyo wala hayatulii hivyo, kwa hiyo asitegemee mtu kupata punguzo la namna hiyo kwenye mbio za mtaani. Mwelekeo wake lakini ni ule ule. Mwenye nguvu kwa asilimia 15 kuliko jirani yake, akikaa ubavuni mwa kundi huku akipigwa na upepo, anatumia zaidi ya faida yote aliyokuja nayo.

Kama ni hivyo, mtu atauliza, kwa nini wanaoanza hukaa mkiani, mahali ambapo upepo ni mdogo, na bado wanaachwa? Jibu liko kwenye kona. Chukua mbio za mizunguko: kilomita 2 kila mzunguko, kona sita, mizunguko 20, watu 60, saa moja ya kazi. Aliye nafasi ya nane anaona kona ikija, anaacha kukanyaga kidogo, anapita kwa kilomita 35 kwa saa na kurudi 45. Nyuma yake kila mmoja anagusa breki kidogo zaidi ya aliye mbele yake, kwa sababu anaitikia kwa kuchelewa na kwa sababu njia nzuri ya kupitia kona imeshajaa watu. Ikifika kwa aliye nafasi ya 50, mwendo umeanguka hadi 25. Lakini kule mbele wenzake wameshatoka kwenye kona na wako 45 tayari, naye lazima azifikie 45 zile zile. Kwa uzito wa kilo 80, kupanda kutoka 35 hadi 45 ni juli 2,500 hivi. Kutoka 25 hadi 45 ni 4,300. Vikifanywa kwa sekunde nane, ni wati 310 dhidi ya 540, na hapo hujaweka upepo wala msuguano wa tairi. Tofauti ya kona moja ni kama juli 1,850, ambayo ni kitu kidogo. Zidisha kwa kona 120. Utapata kilojuli 220, yaani wati 60 kwa wastani wa saa nzima, ambazo aliye nafasi ya 50 amezilipa na aliye nafasi ya nane hakuzilipa. Muulize mtu yeyote wa ridhaa ni miaka mingapi ilimchukua kuongeza wati 60 kwenye kizingiti chake.

Tena wati hizo 60 hazilipwi kwa utulivu. Mwili una nguvu unayoweza kuishikilia kwa muda mrefu, na juu yake una akiba ndogo ya kazi ya ghafla, ambayo kwa wengi wa ridhaa huwa kati ya kilojuli 15 na 20. Kila ruko la kutoka kwenye kona linachota humo, na akiba hurudi tu unapokanyaga chini ya kizingiti. Aliye mkiani anachota kilojuli mbili au tatu, anapata sekunde 15 za kuvuta pumzi, na kona nyingine imefika. Ndiyo maana watu hawaachwi kwenye kona ya kwanza bali ya 30, na ndiyo maana wanaona kama wamezimika ghafla ilhali wamekuwa wakikauka tangu mwanzo. Mashine ya ndani haimpi mtu picha hii. Inampa dakika 20 za nguvu tulivu, kitu ambacho mbio za barabarani hazitaki karibu kamwe, isipokuwa umechomoka peke yako. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Baada ya kona huja pengo, na pengo lina ukatili wake. Mtu anayelegea hafungui pengo kwa ajili yake tu. Wote walio nyuma yake wameachwa bila kujua. Tuseme kundi linakwenda 42 na pengo limefika mita 20. Kuliziba kwa sekunde 18 kunahitaji kilomita 46 kwa saa, bila kinga, na hizo ni zaidi ya wati 450 kwa mtu wetu wa kilo 80, anayetoka tu kumaliza akiba yake kwenye kona. Kwa mita tano angehitaji juhudi ya sekunde chache. Aliyezoea mbio haangalii gurudumu lililo mbele yake. Anaangalia mabega ya watu watatu au wanne mbele, na akiona mmoja anaanza kuyumba au kukanyaga kwa mabega, anampita kabla pengo halijazaliwa. Anayeanza anaangalia skrini ya kompyuta yake, anaona wati 380, anajiambia amezidisha, na analegeza. Namba imemshauri vibaya. Sekunde kumi za wati 380 wakati huo ndizo zingemwokoa dakika 30 za upweke.

Wanaotetea namba wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Mlimani kinga ya upepo hupotea. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 15 kwa saa, mtu wetu wa kilo 80 anatumia wati 260 hivi kupambana na mlima peke yake na chini ya 15 kwa upepo; hapo hakuna gurudumu la kujificha, na mwenye wati chache kwa kilo ataachwa hata akijua kila ujanja wa kundi. Kama njia ya mbio ina mlima wa dakika 20, kipimo cha dakika 20 kinasema kweli. Wana pia mifano. Mwaustralia Jay Vine alipata mkataba wa timu ya kulipwa kupitia shindano la Zwift la mwaka 2020, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za Vuelta a España, mbio za Hispania za siku nyingi ambazo kila siku ni hatua yake. Mjerumani Jason Osborne, bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za mtandaoni kwa wanaume, alikuwa mpiga makasia. Lakini Vine alikuwa ameshashindana barabarani Australia kabla ya hapo, na hatua zile mbili zote ziliishia mlimani, mahali ambapo nafasi ndani ya kundi ina uzito mdogo zaidi. Mifano hiyo inathibitisha kwamba injini kubwa hupatikana mahali pasipotarajiwa. Haithibitishi kwamba injini inatosha kwenye mizunguko ya kona sita, na mbio nyingi za wanaoanza ni za tambarare, za vilima vifupi au za mizunguko, si za milima mirefu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya vifaa: kwamba anayeachwa anaachwa na baiskeli ya mwenzake. UCI inakataza baiskeli ya mbio za barabarani iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo tofauti ya uzito kati ya baiskeli nzuri na ya kawaida ni kilo moja au mbili. Kwenye mlima ule wa asilimia 8 kilo moja ni kama wati 3. Kwenye tambarare haionekani. Mkao wako juu ya baiskeli, viwiko vikiwa vimekunjwa na mikono chini ya usukani, unaokoa zaidi ya hapo bila gharama, na shati linalopepea linakula zaidi ya hapo bila wewe kujua. Kama kuna kifaa cha kukitazama kwa makini ni tairi. Bado wapo wanaojaza upepo wa bar 8 (bar ni kipimo cha shinikizo) kwa kuamini kwamba tairi gumu ndilo la haraka. Kwenye lami iliyochakaa tairi hilo linarukaruka, linapoteza nguvu kwa kutikisa mwili, na kwenye kona lina mguso mdogo, hivyo mtu anashika breki mapema kuliko wenzake. Kwa tairi ya milimita 28 na mwendeshaji wa kilo 70, bar 5 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Pampu yenye geji sahihi itamsaidia kuliko magurudumu mapya.

Wakongwe nao wana lao: acha aachwe, atajifunza. Naheshimu uzoefu wao, lakini hapa sikubaliani nao kabisa. Anayeachwa dakika ya 15 hajifunzi mbio, kwa sababu hajaziona. Hajui kundi linavyotulia baada ya mtu kuchomoka, hajui mizunguko mitano ya mwisho inavyobana, hajawahi kupanda kutoka nafasi ya 40 hadi ya kumi. Alichojifunza ni kukanyaga peke yake kwa uchungu, na hicho alikuwa anakijua tangu kwenye mashine yake.

Vitu hivi vya kundi vinafundishika, na vinafundishika kwa saa chache. Cha kwanza ni kufika mstarini mapema. Watu 60 wakipangwa kumi kumi, mstari wa sita unaanza mbio ukiwa nafasi ya 51, na kama pedeli haikunasa kwa mara ya kwanza, nafasi ya 60. Pasha misuli dakika 20, ukiwemo miruko mitatu ya sekunde kumi, kisha uwe mstarini dakika kumi kabla. Cha pili ni kupanda ndani ya kundi. Kundi halina nafasi ya kudumu. Usipopanda unashuka, kwa sababu kila anayekupita amekusukuma nyuma. Kupanda kwa kukata upepo ubavuni ni ghali. Kwa bei nafuu hufanywa kundi linapolegea, wakati wote wanapanuka barabarani na mwendo unashuka hadi 36: tafuta mtu anayepanda, kaa nyuma yake, na uache kasi uliyonayo ikupeleke badala ya kuibana kwa breki. Kabla ya kilima kifupi uwe nafasi ya kumi, kisha jiachie uteleze taratibu. Ukifika juu ukiwa wa 45 bado umo ndani, na umepanda kwa wati pungufu kuliko aliyeanza wa 45, ambaye sasa anatazama migongo ikienda.

Cha tatu ni kona yenyewe. Punguza gia kabla ya kuingia, si ndani yake, maana mnyororo ukivutwa kwa nguvu huku gia zikihama huweza kuruka, na ruko la kwanza likapotea. Maliza kushika breki kabla ya kulaza baiskeli. Pedeli ya nje iwe chini na uzito uwe juu yake, macho yawe kwenye njia ya kutokea. Usihame mstari wako: ukiingia ndani toka ndani, ukiingia nje toka nje, kwa kuwa jirani yako anaendesha akiamini utafanya hivyo. Na kamwe gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako ubavuni. Yakigusana, yeye atatikisika tu, kwani usukani wake uko huru. Wewe gurudumu linalokuongoza litakuwa limezuiwa kugeuka, hutaweza kurudisha uwiano wako, na utaanguka upande ule ule wa mguso. Fanyeni mazoezi watu wawili kwenye nyasi, kwa mwendo wa kutembea, mkigusana kiwiko kwa kiwiko na bega kwa bega. Hofu ya kuguswa ndiyo inayowatupa wengi mkiani, kabla hata ya miguu kuchoka.

Mazoezi ya nguvu nayo yafuate umbo la mbio: sekunde 15 za ruko, sekunde 45 kwa asilimia 85 ya kizingiti, mara kumi, pumzika dakika tano, rudia. Hii inaweza kufanywa ndani, na hapo mashine ni chombo kizuri kweli. Chakula nitakigusa kwa ufupi tu: kwenye mbio za saa mbili na zaidi, gramu 60 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 20 na si njaa inapobisha, na tumbo lizoeshwe wiki kadhaa kabla.

Kwa waandaaji, athari ya haya yote ni kubwa kuliko kwa waendeshaji. Nchini Uingereza anayeanza huingia daraja la nne, Marekani daraja la chini kabisa, na mtu huhama daraja kwa alama au uzoefu wa mbio, sio kwa kipimo cha dakika 20. Mpango huo ni sahihi na ulindwe dhidi ya wanaotaka madaraja ya wati kwa kilo yahamie barabarani. Kinachohitaji kurekebishwa ni desturi ya mbio za mizunguko ya kumtoa anayekaribia kupitwa mzunguko mzima. Kwenye madaraja ya juu ina maana, kwa sababu watu waliotawanyika kwenye njia fupi ni hatari kundi linapokuja kwa 48. Kwa wanaoanza inamnyima saa ya shule yule anayeihitaji kuliko wote. Mwamuzi anaweza kumruhusu aliyepitwa ajiunge mkiani mwa kundi linapomfikia, bila kushindania alama na bila kupita mbele ya nusu ya kundi, kisha amtoe ikibaki mizunguko mitano ili mbio za kumaliza zibaki salama. Akiachwa tena, anasubiri mzunguko mwingine na kujiunga tena. Kwenye mizunguko 20, badala ya kupitia kona 30 ndani ya kundi na kwenda nyumbani, atakuwa amepitia 60 au 70, na hizo za mwisho atazipita akiwa ameshaacha kutazama skrini.